Nchi ya Dhahabu Isikose Pumzi

Yako maneno yasemwayo sana siku hizi katika vijiji vyetu, toka Shinyanga na Kahama hata Geita na Chato, nayo ni haya: "Ugonjwa ule wa korona umekwisha, kuutaja tena ni kufukua makaburi." Maneno hayo husemwa na watu wema, wazee wa kanisa na vijana wa kwaya, wakulima wa pamba na wachimbaji wa dhahabu. Twajua yatokako. Yatoka katika majonzi, maana hakuna apendaye kuzikumbuka siku za matanga yaliyofuatana. Walakini sisi twayakataa maneno hayo, kwa kuwa jambo moja lililotuua siku zile halikuletwa na korona, wala halikuondoka pamoja nayo. Jambo hilo ni upungufu wa hewa ya oksijeni kwa wagonjwa. Korona iliukuta upungufu huo umekaa nyumbani kwetu kama mwenyeji, ikautumia. Nasi tukinyamaza, ugonjwa mwingine utakuja kuukuta papo hapo.

Kwanza yafaa tukumbushane mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza katika nchi yetu alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, huko Arusha. Kesho yake Serikali ikaamuru shule zifungwe, na sisi waalimu tukafunga milango ya madarasa pasipo kujua yatafunguliwa lini. Mwezi Aprili Rais John Pombe Magufuli, mzaliwa wa Chato, alilitaka taifa lishike siku tatu za maombi, tarehe 17 hata 19, nasi tuliomba. Mwanzo wa mwezi Mei ikatolewa hesabu ya mwisho: waliougua 509, waliokufa 21. Siku zile zile Rais alitia shaka vipimo vya maabara, akisema kwamba papai na mbuzi walipimwa wakaonekana wana korona. Mwezi Juni akatangaza kwamba Mungu ameuondoa ugonjwa katika nchi. Ikapita zaidi ya mwaka mzima taifa lisipewe hesabu.

Kisha, tarehe 28 Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaambia wahariri wa magazeti kwamba wako wagonjwa zaidi ya 100, na kati yao 70 wamewekewa oksijeni. Siku chache baadaye Waziri wa Afya, Dk. Dorothy Gwajima, alisema kwamba hata tarehe 8 Julai wagonjwa walikuwa 408, na 284 kati yao walikuwa katika oksijeni.

Zitazameni hesabu hizo kama mwanafunzi atazamavyo hesabu ubaoni. Sabini katika mia. 284 katika 408. Zote mbili zasema neno moja: katika kila wagonjwa kumi waliohesabiwa, saba hawakuweza kuishi kwa hewa ya kawaida. Basi dawa kuu ya korona ilikuwa nini? Haikuwa kidonge wala sindano. Ilikuwa pumzi. Hospitali yenye pumzi ilikuwa na la kumfanyia mgonjwa, na hospitali isiyo na pumzi ilikuwa nyumba ya kungojea.

Mwanzoni ulimwengu wenyewe haukulitambua jambo hilo sawasawa. Mwezi Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika nchi 41 za Afrika hospitali za umma zilikuwa na mashine za kupumulia zisizofika 2,000 zifanyazo kazi, na watu wakashika vichwa. Tajiri wa China, Jack Ma, alikuwa amekwisha kuipelekea kila nchi ya Afrika vipimo 20,000, barakoa 100,000 na mavazi ya kujikinga 1,000. Zilikuwa sadaka njema, nasi twazishukuru. Lakini mashine kubwa ya kupumulia humfaa mgonjwa mmoja aliye mahututi kabisa, tena yataka daktari bingwa na muuguzi wa kukesha naye. Kwa hesabu za mwanzo, katika kila watu 100 walioshikwa na korona, waliofikia hali hiyo ya mahututi walikuwa kama 5. Na kama 15 wengine walihitaji oksijeni tu, ya kupitia mrija mdogo puani au kifuniko cha uso. Tuliwatazama wale watano, tukawasahau wale kumi na watano, ambao ndio wangaliponywa kwa urahisi.

Sasa tuseme pumzi hii ni kitu gani, maana wengi huidhani kuwa jambo la siri la waganga. Hewa tuivutayo ina sehemu 21 za oksijeni katika kila 100; karibu yote iliyobaki ni naitrojeni. Mtu mwenye afya hutosheka nayo. Mapafu yakivimba na kujaa maji, kama yalivyofanya katika korona na kama yafanyavyo katika nimonia, oksijeni ile haitoshi kupenya damuni, ndipo mgonjwa ahitajipo kuongezewa. Ziko njia tatu. Ya kwanza ni mtungi uliojazwa kiwandani. Ya pili ni mashine ndogo, kama sanduku lenye magurudumu, ichujayo hewa ya chumbani na kutoa lita 5 au 10 kwa dakika, mradi umeme upo. Ya tatu ni mtambo mkubwa wa hospitali, uisukumao hewa ndani ya mapipa yaliyojaa chembe za madini maalumu. Chembe hizo huinasa naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Oksijeni haichimbwi shimoni, wala haiagizwi kwa meli kama mafuta. Imejaa juu ya mashamba yetu. Tunachokosa ni chujio tu.

Haya, tufanye hesabu. Mtungi mkubwa wa hospitali, ule ufikao kifuani mwa mtu, una lita kama 6,800. Mgonjwa wa kadiri hutumia lita 5 kwa dakika, yaani lita 300 kwa saa. Mtungi utadumu saa 22 na zaidi kidogo, usifike siku nzima. Mgonjwa aliyezidiwa hutumia lita 10 kwa dakika. Mtungi hauoni saa 12. Mwenye hali mbaya atumiaye lita 15 huumaliza kwa saa saba na nusu. Basi wawepo wagonjwa kumi tu wa lita 10 katika hospitali ya wilaya: watahitaji mitungi 21 kwa siku, na karibu 150 kwa juma moja. Hao ni wagonjwa kumi, nao ni wachache kuliko watoto wa benchi tatu za darasa.

Ni mtunza ghala gani awezaye kutayarisha mitungi 150 kwa juma, ikiwa nchi haihesabu wagonjwa wake? Hapa ndipo tusemapo neno ambalo wengine hawatalipenda. Kunyamaza kwa hesabu kulikuwa sehemu ya upungufu. Mwenye duka asiyejua wanunuzi wangapi watakuja hawezi kuagiza chumvi. Mama asiyejua wageni wangapi watalala hawezi kupika ugali. Hali kadhalika daktari, hata awe hodari namna gani, hawezi kuiomba Serikali mitungi kwa ajili ya ugonjwa ambao husemwa kwamba haupo. Hatumhukumu marehemu Rais. Alifariki tarehe 17 Machi 2021, na hukumu ya nafsi ni ya Mungu peke yake. Tena alipata kuwa mwalimu kama sisi, alifundisha kemia, na barabara na madaraja aliyoyajenga twapita juu yake kila siku. Lakini jambo lenyewe twalihukumu, maana jambo halizikwi pamoja na mtu. Kuacha kuhesabu wagonjwa ni kosa, akilifanya mkubwa au mdogo, na taifa lisilipate kulirudia.

Watajibu wengine: "Ninyi waalimu mmepungukiwa na imani. Mungu ndiye mwenye pumzi za wote. Aliyetaka kumponya alimponya, na aliyetaka kumtwaa alimtwaa." Ndugu zetu, sisi pia twasadiki kwamba Mungu ndiye aliyempulizia Adamu puani. Ndiyo sababu twaona ni jambo la kuogofya kuichezea pumzi hiyo. Mtu ambaye Mungu amempa puani kitu kitakatifu namna ile, je, atakiachia kizimike kwa kukosa mrija na mtungi, kisha aseme ni mapenzi ya Mungu? Tarehe 26 Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, kwa mkono wa Rais wake Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, liliandika waraka kuwaonya waamini kwamba wimbi jipya la ugonjwa lipo, likawataka wasali na wajikinge pia. Mwezi Machi Katibu Mkuu wa Baraza hilo, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba katika muda wa kama miezi miwili walikuwa wamekufa mapadre zaidi ya 25 na watawa wa kike zaidi ya 60. Ni nani atakayesimama mbele ya makaburi hayo aseme kwamba wale walikosa imani, au kwamba hawakujua kusali?

Tumkumbuke yule Msamaria aliyemsimulia Bwana wetu. Husemwa sana kwamba alikuwa na huruma, nayo ni kweli. Lakini huruma yake ingalimfaa nini yule majeruhi, kama mfuko wake ungalikuwa mtupu? Msamaria alikuwa na mafuta na divai safarini kabla hajamwona mtu aliyepigwa. Alikuwa na mnyama wa kumpandisha, na fedha ya kumwachia mwenye nyumba ya wageni, tena akaahidi kulipa zaidi. Akiba yake ilikuwa tayari, ndipo huruma yake ikawa na mikono. Kuhani na Mlawi nao huenda walisali njiani, hatujui. Twajua tu kwamba majeruhi hakupata kitu kwao.

Na kuhusu kujifukiza kwa nyungu, hatutaki kuwadhihaki wazee wetu. Mvuke wa majani huweza kumfariji mwenye mafua na kuzibua pua. Walakini mvuke ni maji yaliyopata moto. Hauongezi oksijeni katika damu ya mtu ambaye mapafu yake yamejaa. Tena korona ilikuwa na hila moja: mgonjwa aliweza kuketi, kuzungumza, hata kunywa uji, na huku oksijeni katika damu yake imekwisha kushuka mahali pa hatari. Watu wa nyumbani wakasema, "Anaendelea vizuri," na usiku akafa. Kiko chombo kidogo cha kubana kidoleni kinachofichua hila hiyo kwa muda wa dakika moja. Kikionyesha 95 au zaidi, ni salama. Kikionyesha chini ya 90, mtu huyo ataka oksijeni upesi. Bei ya chombo hicho kidogo haizidi bei ya mbuzi. Zahanati isiyo nacho ni kama mlinzi aliyefungwa macho.

Wengine watasema: "Sisi ni maskini, vyombo hivi ni vya watu wa Ulaya na Marekani." Hapa, wasomaji wetu, hatuwezi kuvumilia. Maskini ni nani? Katika nchi yetu hii Dk. John Williamson aliivumbua alimasi ya Mwadui mwaka 1940, na mwaka 1947 alimasi ya rangi ya waridi iliyotoka huko ikawa zawadi ya arusi ya Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza. Geita mgodi mkubwa wa dhahabu umefanya kazi tangu mwaka 2000. Bulyanhulu iko upande wa Kahama. Buzwagi nayo ilitoa dhahabu mpaka ilipofungwa mwaka 2021. Na tusiwasahau maelfu ya wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Lwamgasa, Mgusu na Mwakitolyo, wanaoshuka katika maduara kwa kamba na kusaga mawe kwenye makarasha.

Tena liko jambo ambalo kila mwenye kufanya kazi ya marudio alijua, ingawa hakulifikiri hivi. Dhahabu hutolewa katika mchanga wa mawe kwa dawa ya sayanidi, na dawa hiyo haiwezi kuiyeyusha dhahabu pasipo oksijeni. Kwa hiyo katika kazi hiyo matangi hupulizwa hewa mchana na usiku, na migodi mikubwa ulimwenguni mara nyingi huwa na mitambo yake ya kutoa oksijeni tupu kwa ajili hiyo. Fundi wa kuchomelea vyuma naye ana mtungi wake wa oksijeni, na ukiisha hufanya bidii apate mwingine, maana kazi yake itasimama. Basi tuulize swali moja tu. Ikiwa twajua kuipa dhahabu pumzi, isije ikabaki mchangani, kwa nini hatujui kumpa mtoto pumzi, asije akabaki kaburini? Ujuzi upo. Fedha ipo. Kilichokosekana ni mtu wa kuudai ujuzi na fedha hiyo kwa ajili ya kitanda cha mgonjwa.

Pia watu wa nchi ya dhahabu wana haja ya pumzi kuliko wengine. Vumbi la karasha huingia katika mapafu likakaa huko, likaleta ugonjwa uitwao silikosisi, nao hauna dawa ya kuuondoa. Tena humfungulia mlango kifua kikuu. Kijana aliyesaga mawe miaka kumi atakuja kuhitaji oksijeni hata kama korona isingalikuwako. Na watoto? Mwaka 2019 nimonia iliwaua ulimwenguni watoto zaidi ya 700,000 walio chini ya miaka mitano. Mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya wakati, mama apasuliwaye tumbo ili mtoto atoke, mtu aliyeangukiwa na pikipiki: wote hao huililia pumzi ile ile. Ndiyo maana mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliitia oksijeni katika orodha ya dawa za lazima kwa kila mgonjwa aliyepungukiwa nayo damuni. Mwezi Mei 2023 Shirika hilo lilitangaza kwamba hatari ya korona kwa ulimwengu mzima imekoma, lakini mwezi huo huo mkutano wake mkuu ulizitaka nchi zote ziongeze oksijeni katika hospitali zao. Basi asemaye, "Korona imekwisha, oksijeni ya nini?" anafanana na mtu atupaye jembe kwa kuwa amemaliza kulima shamba moja.

Wako na wanaosema: "Mgonjwa akizidiwa atapelekwa Bugando." Twaiheshimu sana hospitali ya Bugando huko Mwanza, nayo imeokoa wengi wa kwetu. Lakini siku za korona mtu wa Geita alikwenda Bugando kwa kungojea kivuko cha Busisi. Tarehe 19 Juni 2025 daraja refu la kilometa 3 lilifunguliwa pale, twamshukuru Mungu. Safari sasa ni nyepesi. Hata hivyo mtu ambaye oksijeni yake imeshuka hadi 70 hawezi kungojea gari la kuombwa kijiji jirani, wala barabara ya saa mbili, ikiwa hana mtungi pembeni mwake. Daraja hufupisha njia, lakini halimpi mtu pumzi ya kuimalizia njia hiyo. Oksijeni ni lazima imkute mgonjwa mahali alipoangukia.

Sasa tuseme kweli yote, tusije tukaonekana wachochezi. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya kupambana na UVIKO-19. Yalijengwa madarasa 15,000, nasi waalimu tuliyapokea kwa shangwe. Sehemu nyingine ya fedha hiyo iliingia katika majengo ya dharura, vyumba vya wagonjwa mahututi na mitambo ya oksijeni katika hospitali. Ni kazi njema. Lakini hatari ya sasa si ile ya kwanza. Hatari ya sasa ni kutu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2011, katika nchi 16 zenye uhaba, ulikuta kwamba karibu vyombo 40 katika kila 100 vya hospitali havifanyi kazi. Havikuwa vimekosekana. Vilikuwapo, vimesimama pembeni, vimefunikwa kitambaa. Hiki kilikosa kichujio, kile kilikosa fundi, kingine kiliungua umeme ulipopanda na kushuka. Siku chombo kinapoletwa, utepe hukatwa, picha hupigwa, na wimbo huimbwa. Siku kinapokufa, hakuna wimbo wala picha. Hata taarifa haiandikwi. Sisi twasema kwamba siku ya pili ndiyo itupasayo kuiangalia zaidi.

Hapa wazee wetu wametutangulia, wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta hekima. Ni nani katika Usukuma asiyeijua ngitili? Mvua inaponyesha na majani yamejaa kila mahali, mwenye busara huzungushia sehemu ya malisho yake, akakataza ng'ombe wasiingie. Mgeni apitaye humcheka: majani yote haya, nawe unayafungia? Mwenyewe hanyenyekei kwa kicheko hicho. Anajua kwamba mwezi wa tisa utakuja, ardhi itakuwa nyeupe kama jivu, na ndama wake ataishi kwa majani yaliyokatazwa wakati wa shibe. Nchi ya Shinyanga ilipokuwa jangwa kwa kukatwa miti, Serikali ilianzisha kazi ya HASHI mwaka 1986, na mafanikio yake makubwa yalitokana na kuifufua ngitili hiyo hiyo ya mababu. Na mama zetu nao hukausha michembe wakati viazi vimejaa, hawangoji njaa ibishe hodi.

Basi oksijeni nayo yataka ngitili yake. Wakati huu ambapo hakuna tauni ndio wakati wa kuihifadhi. Aanzaye kutafuta mitungi siku ya msiba ataikuta imekwisha kuchukuliwa na wenye nguvu, kama ilivyotokea India mwezi Aprili na Mei 2021, watu walipokuwa wakizunguka mji wa Delhi na mitungi mitupu. Na India ni nchi yenye viwanda vingi kuliko vyetu.

Mtatuuliza: "Sisi wanakijiji tutafanya nini? Hiyo ni kazi ya Serikali." Ni kazi ya Serikali, kweli, na Serikali husikia palipo na sauti. Mkutano mkuu wa kijiji huitwa kila miezi mitatu kwa sheria. Zahanati na kituo cha afya vina kamati zenye wajumbe kutoka kwetu. Kampuni za migodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma kutoka katika mapato yao. Na tangu sheria ya madini ilipobadilishwa mwaka 2017, kila mgodi hupaswa kukubaliana na halmashauri juu ya mambo utakayoyafanyia jamii. Je, katika makubaliano hayo pumzi iliwahi kutajwa? Tuliomba madawati, tuliomba mabati, tuliomba visima, na yote yalikuwa ya haki. Sasa na tuombe pumzi.

Kila msomaji wa gazeti hili na achukue maswali manne, ayaulize kwa adabu na kwa sauti katika mkutano ujao. La kwanza: zahanati yetu ina chombo cha kupimia oksijeni kidoleni, na muuguzi hukitumia kwa kila mtoto apumuaye kwa shida? La pili: katika kituo cha afya na hospitali ya wilaya iko mitungi mingapi iliyojaa leo, si iliyopo, bali iliyojaa? La tatu: umeme ukikatika usiku, mashine ya kuchuja oksijeni huendeshwa na nini? La nne: fundi wa vyombo hivyo ni nani, na fedha ya vichujio vyake imeandikwa katika bajeti ya halmashauri ya mwaka huu? Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, yasomwe tena baada ya miezi mitatu. Kiongozi ajibuye vizuri apewe heshima yake. Asiyejua asitukanwe, aambiwe tu kwamba ataulizwa tena.

Na sisi wa makanisa tusikae kama watazamaji. Hospitali za misheni katika nchi hii, kama Kolandoto ya Kanisa la Africa Inland, zilijengwa na watu waliosadiki kwamba kumhubiri Kristo na kumtibu mgonjwa ni kazi moja. Sadaka ya mavuno ya parokia moja au dayosisi moja haiwezi kununua mtambo mkubwa. Lakini yaweza kununua vyombo vya kidoleni kwa zahanati zote za jirani, na sadaka ya mwaka wa pili yaweza kuleta mashine ndogo. Tumejenga minara ya kengele mirefu; hatujasikia kwamba kengele ilimpa mtoto pumzi.

Ndugu wasomaji, hatukuandika haya ili kuwatonesha wafiwa. Wale waliokufa miaka ile, wengine wetu tuliwazika upesi, watu wachache, pasipo kuutaja ugonjwa wao. Heshima tunayoweza kuwapa sasa si maneno matamu. Ni kuhakikisha kwamba mtu wa kwetu atakayefika hospitali akihema, ikiwa ni kesho au baada ya miaka ishirini, atakuta mtungi uliojaa na mtu ajuaye kuufungua. Mkutano wa kijiji ujao hauko mbali. Nendeni na maswali yenu manne, wala msikubali kujibiwa kwamba ugonjwa umekwisha.